Nafasi ya Watu Wanne

Fundi Emilian alikuwa mtu wa vipimo. Ukimkaribisha chai angekaa, angeisifia chai, na kabla kikombe hakijaisha angekwambia ukuta wako wa mashariki umelala kwa nusu inchi. Watu walimvumilia kwa sababu mara nyingi ilikuwa kweli. Katika vijiji vyote vya huku, kuanzia barabara kuu ya Shelui hadi njia inapoishia kwenye majabali, aliyetaka msingi usiopasuka alimtafuta Emilian, akamsubiri hata miezi miwili, maana hakuwa mtu wa kukimbizwa.

Nyumba yake mwenyewe sasa, ilikuwa aibu. Wala si yeye peke yake. Nenda kwa seremala yeyote ukautazame mlango wake. Nyumba ya Emilian ilijengwa jioni na Jumapili, kwa mchanga uliobaki na saruji iliyobaki, na ule ukuta wa pembetatu unaoshika paa upande wa jikoni aliujenga siku moja akiwa na haraka ya kwenda kumwaga zege la watu. Saruji haikutosha. Akaongeza ndoo mbili za mchanga, akajiambia kwamba mvua zikipita atakuja kuurudia. Mvua za miaka miwili zikapita. Za mwaka wa tatu zilikuja na upepo uliobeba mabati kumi na manne kwa mkupuo, na ule ukuta, uliobaki umesimama bila kushikwa na kitu, ukamwangukia mke wake, Scholastika, aliyekuwa anaokoa sufuria ya maharage.

Hakufa. Mguu ulivunjika mahali pawili, ukaungwa, ukabaki mfupi kidogo kuliko mwenzake. Scholastika mwenyewe aligeuza jambo hilo kuwa mzaha. Akiulizwa hali alijibu kwamba mume wake ni fundi, iko siku atamwekea kozi moja ya tofali chini ya kisigino. Watu walicheka. Emilian hakucheka hata mara moja. Kila asubuhi alisikia ile hatua ya mkewe jikoni, moja nzito, moja nyepesi, na kila asubuhi alizikumbuka zile ndoo mbili. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtesa zaidi, kwa kuwa hata kujitetea hakupata nafasi.

Ndipo akajenga chumba cha upepo.

Alikijenga uani, kikiwa peke yake, nyuma ya nyumba kubwa. Safari hii hakuna kilichobaki kwa mtu kilichotumika. Aliweka nondo kuanzia kwenye msingi hadi juu, akajaza zege ndani ya kila tofali, akafunika kwa slabu nene kama godoro la hospitali, na akaenda Shelui kuchomelewa mlango wa chuma wenye makomeo matatu kwa ndani. Mlango ulikuwa mwembamba, wa kupita bega moja, ili upepo usipate pa kushika. Ukutani aliacha matundu ya hewa, kila moja ukubwa wa ngumi. Kazi hiyo ilimchukua kiangazi kizima, na udongo wa kusawazishia alichimba pale pale uani, akaacha shimo la kumfika kidevuni ambalo kila siku alisema atalifukia kesho.

Kijijini walimcheka mpaka wakachoka. Gervas, jirani yake wa upande wa barabara, mtu mwenye kuku wengi na maneno mengi kuliko kuku, alikuja kila jioni kuegemea ua.

“Fundi,” alisema, “nimeona watu wakijiwekea akiba ya sanda. Wewe umejiwekea kaburi, tena la ghorofa.”

“Cheka,” Emilian alimjibu. “Siku ikifika utagonga mlango.”

“Nikigonga utanifungulia?”

“Nafasi ni ya watu wanne. Nimepima.”

Na kweli alipima. Aliweka vibao vinne vya kukalia, akavipigia misumari chini visihame. Kimoja chake, kimoja cha Scholastika, kimoja cha binti yao Belinda aliyekuwa na miaka saba, na cha nne, kwenye kona ya ndani kabisa isiyo na tundu wala ufa, kilikuwa cha mama mkwe wake.

Hapo inabidi tumweleze huyu mama. Bibi Elina alikuja kutoka Mkalama kumuuguza Scholastika mguu ulipovunjika, na mguu ulipopona hakurudi, kwa sababu huko Mkalama alikuwa amebaki na nyumba isiyo na mtu. Wanawe wawili wa kiume aliwazika yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono ya jembe, na katika mambo ya heshima hakuwa na mchezo. Kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani, hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja, na hawatajani majina. Wenzake wengi walikuwa wamelegeza. Wengine siku hizi walipiga na wakwe zao picha za simu, bega kwa bega. Bibi Elina akiziona alirudisha simu ya watu, kioo kikiwa chini.

Emilian hakuona uzito. Alikulia humo humo. Mama huyo alipohamia, alimjengea kijumba upande wa pili wa ua na mlango akauelekeza kwenye shamba la uwele, ili akitoka asubuhi wasikutane uso kwa uso. Akiingia uani alikohoa mara mbili, na Bibi Elina akavuta khanga kichwani, akapita nyuma ya jiko. Wakiwa na ukuta kati yao waliruhusiana salamu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba Belinda. Umeamkaje?”

“Salama.”

Zaidi ya hapo, kila neno lilipitia kwa Scholastika au kwa Belinda. Belinda aliifanya kazi hiyo kwa bidii ya karani. Bibi angesema huku anapepeta mtama, “Mwambie baba yako mlenda uko chini ya kawa,” na Emilian, aliyekuwa hatua kumi tu nyuma ya ukuta na masikio yake mazima, angesubiri mtoto azunguke nyumba, asimame mbele yake na kutangaza kwamba mlenda uko chini ya kawa. Kisha angesema, “Mwambie bibi yako ahsante,” na mtoto angezunguka tena. Waliishi hivyo miaka miwili na, kwa namna yao, walipendana. Mama mkwe alijua mkwewe hali nyanya chungu. Mkwe alijua mama mkwe goti lake la kushoto linamsumbua kukiwa na baridi, na ngazi za kijumba chake alizishusha akazifanya fupi bila mtu kumwomba.

Sasa mtu wa namna hii, anayejua kuelekeza mlango kwenye uwele, ilikuwaje akaweka vibao vinne ndani ya mita mbili kwa mbili, akamkalisha mama mkwe wake goti kwa goti na yeye? Nimeliwaza sana jambo hili. Nadhani kile chumba hakukihesabu kuwa nyumba. Kwake kilikuwa chombo, kama lori, kitu cha kupanda na kushuka. Halafu alikuwa na zile ndoo mbili kichwani. Mtu aliyebeba kosa moja muda mrefu hana macho ya kuona kosa lingine linapokuja.

Scholastika aliliona. Siku walipofanya majaribio, Emilian akipiga filimbi na wao wakikimbilia ndani, alikaa kwenye kibao chake akatazama kile cha nne, na mama yake hayupo; alisema ana moto jikoni.

“Na mama?” akauliza.

“Kona ile. Ndiyo salama kuliko zote.”

Scholastika alimtazama mumewe, akaanza kucheka, kisha akaona uso wake ulivyo na matumaini, akanyamaza. “Haya,” akasema. “Wewe ndiye fundi. Si umepima?”

Zikapita wiki sita. Desemba ikaingia na joto la kubana, mawingu yakijikusanya kila mchana na kutawanyika bila kitu. Redioni walionya juu ya upepo mkali. Jumamosi moja, siku ya mnada, Scholastika alipakia vitunguu kwenye bodaboda akateremka Shelui. Emilian alikuwa aende kazini, lakini lori la kokoto lilikwama njiani, mwenye nyumba akaahirisha, naye saa nane mchana akawa amerudi nyumbani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alikohoa mara mbili. Akasikia mlango wa kijumba ukifungwa.

Saa tisa upande wa mbuga ya Wembere ulibadilika rangi. Vumbi lilisimama wima, jekundu, na juu yake wingu jeusi lililoshuka chini mno. Kuku wa Gervas walinyamaza wote kwa pamoja. Emilian aliyekuwa ananoa mwiko aliinua kichwa, akautupa mwiko. Akaipiga ile filimbi.

Belinda alikuja akikimbia, kama alivyofundishwa. Emilian alimwingiza, akamkalisha kwenye kibao chake, akafunga matundu ya upande wa upepo kwa matambara.

“Mwite bibi yako. Upesi. Mwambie aache kila kitu.”

Mtoto alitoa kichwa mlangoni akapaza sauti. Bibi Elina alitokea kwenye kona ya kijumba chake, khanga kichwani, akikaza mwendo kwa lile goti lake. Upepo ulikuwa umeshafika. Uliokota ndoo ukaiviringisha uani, ukaanza kupiga mabati ya nyumba kubwa, kwanza polepole, kama mtu anayejaribu msumari mmoja mmoja. Alifika mlangoni. Akamwona Emilian ameketi ndani. Akasimama.

Aligeuza uso mara moja. “Belinda,” alisema, “mwambie baba yako nitakaa jikoni.”

Belinda akageuka. “Baba, bibi anasema atakaa jikoni.”

“Jikoni hapana!” Emilian alisema, na sauti yake ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. “Mwambie aingie. Mwambie nimemwekea kona yake.”

“Bibi, baba anasema—”

“Nimesikia,” alisema Bibi Elina, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu, maana siku zote alijifanya hasikii. “Mwambie baba yako chumba ni kizuri. Mwambie ahsante. Akae humo na wewe.”

Akavuta khanga, akarudi hatua nne, akaketi chini, mgongo wake kwenye ukuta wa nyumba kubwa, chini ya mabati yale yale yaliyokuwa yanaruka. Aliketi ametulia, mikono mapajani.

Hapo ndipo Emilian alipoelewa. Alitazama kibao cha nne, akatazama goti lake lilivyokigusa, na aibu ikampanda hadi masikioni. Alihesabu vichwa. Mita mbili kwa mbili, slabu, nondo, makomeo matatu, na hakuhesabu nani ni nani kwa nani. Kwa mara ya pili maishani mwake alikuwa amejenga ukuta ambao ungemuua mtu wa nyumba yake, na safari hii saruji ilikuwa ya kutosha.

Angeweza kutoka akambeba. Alilifikiria kwa muda wa pumzi moja. Mwanamume kumkumbatia mama mkwe wake, kumvuta, kumwingiza kwa nguvu. Mama yule angeokoka na upepo, halafu asingeinua uso wake tena mbele ya watu, wala mbele yake mwenyewe. Ilibaki njia moja.

“Belinda, mwambie bibi yako atazame upande wa uwele. Natoka.”

“Unakwenda wapi, baba?”

“Mwambie!”

Mtoto akasema. Bibi Elina akageuza uso kwenye uwele. Emilian akapita ule mlango wa bega moja, akakimbilia upande mwingine wa ua, akampa mgongo.

“Mwambie aingie sasa! Afunge makomeo yote matatu!”

“Na wewe, baba?”

“Mimi ninapo pangu.”

Hakuwa napo. Lakini alisimama pale, ameshika nguzo ya kamba ya nguo, mpaka akasikia chuma kikigonga chuma mara tatu. Alifurahi. Nisimfiche: katikati ya hofu yote ile, fundi Emilian alifurahi, kwa sababu makomeo yaliingia sawasawa bila kukwaruza.

Kisha paa likaondoka. Liliondoka zima, pamoja na kenchi zake, likaelea juu ya ua kana kwamba lina mahali linapokwenda, likapasukia kwenye uwele. Emilian alilala kifudifudi. Mvua ya mawe ikaanza kumpiga mgongoni. Akatambaa hadi kwenye lile shimo ambalo alikuwa alifukie kesho, akajitumbukiza humo. Watu alikuwa akiwaambia yeye mwenyewe: ukikosa pa kujificha, lala mahali pa chini.

Mahali pa chini ndipo maji yanapokwenda. Hilo pia angepaswa kulijua. Maji ya ua wote yalimfuata, mekundu, mazito, yakamfika magotini, yakamfika kiunoni. Alipojaribu kutoka, udongo uliteleza kama sabuni, na alipoinua kichwa kutafuta pa kushika, bati moja lililochelewa wenzake lilikuja likampiga begani. Mkono wa kulia ukafa ganzi. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, akarudi chini, akanywa maji ya tope.

Hakupiga kelele. Alijua akipiga kelele mlango utafunguliwa, na mlango ulikuwa ndio kitu pekee kilichosimama kati ya upepo na mtoto wake. Akauma mdomo. Maji yakamfika kifuani. Alimfikiria Scholastika, akajiuliza kama kule mnadani wana mahali, akasikia ile hatua yake, nzito, nyepesi, akatamani kuisikia tena jikoni, hata kwa kulaumiwa.

Lakini fundi alisahau matundu yake. Lililoelekea shimoni halikuwa limezibwa, na jicho la Belinda lilikuwa hapo tangu mwanzo.

Emilian alisikia komeo. Moja, mbili, tatu. Alitaka kusema hapana, kinywa kikajaa maji. Alipofuta uso aliona jambo ambalo hata leo bado analieleza.

Mama mkwe wake alikuwa anakuja kinyumenyume. Alitoka kwenye chumba kile akiwa amempa mgongo, uso ameuelekeza mlangoni alikotoka, mvua ya mawe inampiga kichwani, na kila hatua alipapasa ardhi kwa kisigino kabla ya kukanyaga. Upepo ulimwinamisha, akasimama, akaendelea. Khanga ya mabegani alikuwa ameivua, ameisokota kama kamba. Kisigino kilipogusa ukingo wa shimo aliketi chini, akachimbia miguu yake kwenye tope, akarusha ncha ya khanga nyuma, juu ya bega lake, bila kugeuka.

“Shika.”

Emilian aliitazama ile khanga. Asilani hakuwahi kugusa kitu kilichotoka mabegani mwa mama yule.

“Shika, Emilian,” alisema Bibi Elina, akimtaja jina kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake. “Nimechoka kuzika.”

Alishika. Aliizungusha kwenye mkono wa kushoto mara mbili. Mama akavuta kwa mgongo, kwa mapaja, kwa ile mikono ya jembe, akiguna, uso wake bado umeelekea mlangoni ambako Belinda alikuwa analia. Emilian akakanyaga, akateleza, akakanyaga tena. Alitoka kwa tumbo, kama mjusi, akalala kwenye tope nyuma ya mgongo wa mama mkwe wake, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

“Nimetoka, mama,” alisema.

Bibi Elina aliinuka, akatembea mbele kuelekea chumbani. Yeye akamfuata kwa nyuma, hatua sita. Mama aliingia hadi kwenye kona ya kibao cha nne. Emilian alisimama mlangoni, maji yakimtiririka, hajui la kufanya.

“Belinda,” sauti ya kona ilisema, “mwambie baba yako mlango unaingiza mvua.”

“Baba, mlango unaingiza mvua.”

Akaingia. Akafunga makomeo kwa mkono mmoja. Bibi alimpa mtoto ile khanga yenye tope, mtoto akapanda kwenye kibao, ncha moja akaifunga kwenye msumari wa taa, nyingine kwenye nondo iliyochomoza ukutani. Ikaning'inia katikati ya chumba, ikidondosha maji. Upande huu mkwe, upande ule mama mkwe, na Belinda chini ya khanga, mguu mmoja huku na mmoja kule.

Nje mambo yaligongana kwa muda mrefu. Ndani walisikilizana wakipumua.

“Belinda,” Bibi alisema baadaye, “muulize baba yako bega linauma?”

“Baba, bega linauma?”

“Mwambie kidogo.”

“Kidogo, bibi.”

“Mwambie ni mwongo.”

Belinda alikuwa bado anawaza kama anaruhusiwa kupeleka ujumbe wa namna hiyo, waliposikia Emilian anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo yaliendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha. Upande wa pili wa khanga hakuna aliyesema neno, na ilikuwa heshima hiyo hiyo.

Upepo ulipotulia, nyumba kubwa haikuwa na paa, jiko halikuwepo, na kijumba cha mlango wa uwele kilikuwa kimelala chini. Chumba cha upepo hakikuwa na ufa hata mmoja. Scholastika alirudi jioni, akashuka kwenye bodaboda kabla haijasimama. Mnadani walijibana chini ya lori, hakuna aliyeumia. Aliwashika mmoja mmoja, mtoto, mama, mume, na Belinda alipoeleza yaliyotokea, kwa kirefu na kwa vitendo, mama yake aliketi kwenye rundo la matofali akashika kichwa.

“Niliona,” alimwambia mumewe. “Siku ile ya filimbi niliona. Nikasema upepo huja mchana, na mchana wewe uko kazini. Mama ataingia, hakuna atakayejua. Sikutaka kukuvunja moyo, Emilian. Ulikuwa umekijenga kwa ajili ya mguu wangu.”

“Kwa ajili ya ndoo mbili,” alisema Emilian. Na kwa mara ya kwanza alimweleza habari za mchanga. Scholastika alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema alijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyezoa kifusi, na saruji yake ilivunjikia mkononi kama mkate wa juzi. Alikuwa amejua miaka miwili yote.

Gervas naye alikuja, kwa mara ya kwanza bila mzaha. Familia yake walikuwa wazima chini ya meza. Alizunguka chumba mara mbili, akapapasa pembe zake.

“Nijengee,” akasema.

Emilian, mkono wa kulia ukiwa kwenye kitambaa cha shingoni, hakutoa futi kamba mfukoni. “Kwanza niambie, kwako nani hakai na nani?”

Gervas alianza kutania, akakatiza, akageuka kutazama kwake. Nyumbani humo alikaa pia mke wa mwanawe. Akakuna shingo. “Basi viwili,” akasema.

Bega lilipopona, kabla hata ya kupaua nyumba, Emilian aliingia chumbani na kamba ya chokaa. Alipiga mstari katikati ya sakafu, pale pale khanga iliponing'inia. Upande wa kona alitoboa mlango wa pili unaotazama shamba la uwele, naye akauwekea makomeo matatu yake. Kisha akaanza kupandisha ukuta wa kati, kozi baada ya kozi, na mchanga aliupima mwenyewe kwa ndoo, akihesabu kwa sauti. Bibi Elina alikuwa nje, upande wake, anapepeta mtama. Sauti ya ungo ilikuwa ikienda, ikasimama.

Belinda alizunguka chumba chote akaja kusimama mbele ya baba yake.

“Bibi anasema usiufunge wote.”

“Mwambie lazima ufike juu. Ndiyo heshima yake.”

Mtoto akazunguka, akarudi akihema.

“Anasema anajua. Anasema uache tundu la sauti. Anasema siku ile alifunga makomeo na wewe uko nje, na hataki kufunga tena kabla hajakusikia umeingia.”

Emilian alibaki na mwiko hewani, udongo wa saruji ukimdondokea mguuni. Aliushusha. Kwenye kozi ya nne, usawa wa mtu aliyeketi, ambako saruji ilikuwa bado mbichi, akashika matofali mawili, akayatoa.